Waganga Wafundishao Kando ya Kitanda

Hapo kale katika nchi ya Bonde na Usambara, na pwani yote toka Pangani hata Vanga, mganga hakutoka shuleni. Alitoka katika mkoba wa mtu mwingine. Kijana alimfuata mzee wake porini, akachimba mizizi, akabeba vibuyu, akaketi kimya wagonjwa walipokuja, akatazama. Miaka ilipita. Hata mzee alipoona ya kuwa kijana amekomaa, alimpa mkoba, na tangu siku hiyo watu walimwita mganga. Lakini mzee akifa kabla ya kutoa mkoba, elimu yake ilizikwa pamoja naye, na kijiji kikabaki na kaburi tu.

Desturi hiyo yatuonyesha kwamba mganga ana kazi mbili, wala si moja: kuponya na kufundisha. Aponyaye tu huwafaa walio mbele ya macho yake. Afundishaye huwafaa na wale asiowaona kamwe, hata watoto watakaozaliwa yeye akiisha kufa. Basi nataka kueleza habari za madaktari waliofundisha: jinsi kazi hiyo ilivyoanza katika nchi za mbali, ilivyofika Afrika ya Mashariki, na ilivyofika kwetu Tanga na Muheza. Tena nitaonyesha kwa nini mwanafunzi wa udaktari hana budi kufundishwa mahali penye ugonjwa wenyewe, si katika mji mkuu peke yake.

Yapata miaka 1,100 iliyopita alikuwako Uajemi mganga mkuu, jina lake al-Razi. Alisimamia hospitali katika mji wa Rayy, na baadaye Baghdad, akafariki karibu na mwaka 925. Habari zake zasema kwamba aliketi huku wanafunzi wake wamemzunguka, na nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi wake. Mgonjwa alipokuja alieleza shida yake kwanza kwa wale wa duara ya nje. Wakiijua dawa, vema. Wasipoijua, walimpeleka kwa wale wa ndani. Na hao wakishindwa, ndipo al-Razi mwenyewe aliponena. Tazama hekima ya mtu huyu. Aliweza kusema kwanza, maana alijua kuliko wote. Lakini alinyamaza ili wengine wapate kufikiri.

Huko Ulaya kwa muda mrefu wanafunzi wa uganga walisomewa vitabu vya kale, na wengine walimaliza masomo yao bila kumgusa mgonjwa. Mwaka 1714 Herman Boerhaave, mwalimu wa Leiden katika Uholanzi, alianza kuwafundisha wanafunzi wake katika hospitali ndogo. Vitanda vilivyotengwa kwa kazi hiyo vilikuwa 12 tu, 6 vya wanaume na 6 vya wanawake. Lakini kwa vitanda hivyo 12 sifa zake zilienea Ulaya nzima, na wanafunzi wakaja kwake kutoka nchi nyingi. Baadaye, katika mji wa Baltimore, Marekani, ambako hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 na shule yake ya uganga mwaka 1893, William Osler aliwatoa wanafunzi katika vyumba vya mihadhara akawaingiza wodini wawe na kazi yao humo. Osler aliandika vitabu vikubwa akapata heshima nyingi, walakini alisema kwamba hatamani kuandikwa neno jingine juu ya kaburi lake ila kwamba aliwafundisha wanafunzi wa uganga katika wodi.

Sasa tuje kwetu. Daktari Albert Cook alifika Uganda mwaka 1897, akafungua hospitali ya misioni pale Mengo. Kwa miaka mingi aliponya watu wengi sana, lakini aliona ya kuwa wagonjwa hawapungui, na mikono yake ni miwili tu. Mwaka 1917 akaanza kuwafundisha Waafrika kazi ya uganga. Mkewe, Katharine, naye akawafundisha wakunga. Baada ya hapo serikali ikaanza kufundisha waganga katika hospitali ya Mulago pamoja na chuo cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922. Kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alisafiri hadi Makerere, mbali na kwao, akarudi akiwa mtu mzima. Mwaka 1957 udaktari wa Makerere ukakubaliwa Uingereza kuwa sawa na ule uliofundishwa huko.

Hospitali yenye wanafunzi hupata faida moja ambayo watu wengi hawaifikiri: macho ya waalimu wenyewe hunolewa. Mwaka huo huo wa 1957, pale Mulago, Daktari Hugh Trowell alimwita Denis Burkitt, daktari wa kupasua, amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile katika hospitali ya Jinja, akaanza kuuliza: Je, ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 alipanda gari pamoja na wenziwe wawili, wakasafiri maili 10,000 toka Kampala hata Afrika Kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza. Ndivyo ilivyojulikana saratani ya watoto ambayo hata leo huitwa kwa jina lake. Mwenye kufundisha hawezi kupita mbele ya jambo asilolijua na kunyamaza, maana mwanafunzi yuko nyuma yake, naye atauliza.

Katika Tanganyika kazi ya kufundisha ilianza kwa ngazi za chini. Hospitali za serikali na za misioni ziliwafundisha madresa wa kufunga vidonda, wauguzi, na waganga wasaidizi. Mmoja katika waliofanya kazi hiyo kwa bidii ni Daktari Leader Stirling, aliyekuja kusini mwa nchi mwaka 1935 pamoja na misioni ya U.M.C.A., ile ile iliyokaa Magila tangu mwaka 1868. Huko Lulindi, karibu na Masasi, katika hospitali ya nyumba za nyasi, aliwafundisha vijana wa kiume na wa kike uuguzi. Hakungoja majumba ya mawe. Baadaye akawa raia wa nchi hii, na tangu mwaka 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya.

Walakini ngazi za juu zilikuwa na watu wachache mno. Mwalimu Nyerere alizoea kuwakumbusha watu ya kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Fikiri, msomaji: 12 kwa nchi nzima, kama vitanda vya Boerhaave! Basi mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya madaktari Dar es Salaam, katika hospitali tunayoiita sasa Muhimbili, na mwaka 1968 ikawa sehemu ya chuo kikuu. Mwaka 1971 ikafunguliwa hospitali kubwa ya K.C.M.C. pale Moshi, nayo baadaye ikawa na chuo chake cha madaktari. Ng'ambo ya bahari yetu, Unguja, shule ya madaktari ilianzishwa mwaka 2007, na waalimu wake wa kwanza walikuwa madaktari wa Kuba, kutoka Matanzas, waliofundisha katika hospitali ya Mnazi Mmoja.

Lakini kungoja madaktari wa chuo kikuu peke yao kungechukua miaka mingi, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji. Kwa hiyo tangu miaka ya 1960 serikali ilitumia njia nyingine. Tabibu aliyekwisha kutumika miaka kadhaa na kujua shida za wagonjwa alirudishwa shuleni miaka 2, akafundishwa mengi pamoja na kupasua, akatoka kuwa daktari msaidizi. Shule za namna hii ziliwekwa mikoani, na moja ilikuwa hapa kwetu Tanga, katika hospitali ya Bombo, mahali ambapo jengo kuukuu la Wajerumani bado laiangalia bahari. Wako waliobeza wakisema hao ni nusu-madaktari. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma, uliwajibu. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya akina mama waliopasuliwa wakati wa kuzaa walipasuliwa na madaktari wasaidizi, wala haikuonekana tofauti kubwa kati ya kazi yao na ya madaktari wa chuo kikuu. Hayo ni matunda ya waalimu wao, waliosimama karibu nao mezani, kisu mkononi mwa mwanafunzi, na jicho la mwalimu juu ya kisu.

Labda mtu atauliza: Ni nini hasa afundishacho daktari kando ya kitanda, ambacho hakimo kitabuni? Nitajibu kwa mfano wa mtoto mwenye homa, maana katika pwani yetu ndiye mgonjwa wa kila siku. Kitabu chasema malaria hupunguza damu. Mwalimu humwambia mwanafunzi: Funua kope ya chini, utazame; sasa tazama kiganja cha mtoto, ukilinganishe na kiganja cha mama yake. Kitabu chasema bandama huvimba. Mwalimu huushika mkono wa mwanafunzi, akauweka chini ya mbavu za kushoto, akamwambia angoje mpaka mtoto avute pumzi, ndipo atakapoisikia bandama ikigusa ncha za vidole. Kitabu chasema kichomi huharakisha pumzi. Mwalimu husema: Usikisie. Shika saa, uhesabu dakika nzima. Mtoto wa mwaka 1 hata miaka 5 mwenye kikohozi akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika moja, mfikirie kichomi.

Kisha yako mambo yasiyohesabika. Kumwamkia mzee kabla ya kumgusa. Kuomba ruhusa kabla ya kumfunua mtu nguo. Kumsikiliza mama mpaka amalize, maana mara nyingi neno la mwisho ndilo lenye ugonjwa. Kumwambia baba habari ya msiba kwa sauti ya kibinadamu, umeketi naye, si umesimama mlangoni. Hayo mwanafunzi hayasomi. Huyaona kwa mwalimu wake akayaiga. Na mwalimu akiwa mkali kwa wagonjwa, huigwa vile vile. Ndiyo sababu kazi hii ni ya kuogopesha: mwalimu mmoja mwenye dharau aweza kuzaa madaktari 20 wenye dharau.

Sasa nataka kueleza habari ya Muheza, ambayo kila mtu wa mkoa wetu angepaswa kuijua. Hospitali Teule ya Muheza ni ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Tanga, na mizizi yake ni kazi ya tiba ya misioni iliyoanza Magila. Wilaya hii ilijulikana kwa malaria tangu zamani. Hata mwaka 1949 kikaanzishwa Muheza kituo cha kuuchunguza ugonjwa huo, kilichohamia Amani baadaye. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka kujifunza malaria hakupata kitabu bora kuliko wodi ya watoto ya Muheza.

Kwa vizazi vingi mtoto aliyezidiwa na malaria alitiwa kwinini. Ilikuwako dawa mpya zaidi, artesuneti, lakini madaktari walitaka kuwa na hakika kwa watoto wa Afrika. Tangu mwaka 2005 hata 2010 dawa hizo mbili zililinganishwa kwa watoto 5,425 katika hospitali za nchi 9 za Afrika, na Muheza ilikuwa mojawapo. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Katika kila 1,000 waliopewa artesuneti walikufa 85. Baada ya hapo Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri artesuneti itangulie.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Vitabu vya uganga vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, aliyezidiwa hata mikono na miguu imekuwa baridi na mapigo ya moyo ni dhaifu, atundikiwe maji mengi mara moja kwa njia ya mshipa. Waalimu walifundisha hivyo, wanafunzi wakajibu hivyo katika mitihani, na hapana aliyeona shaka kubwa. Daktari Kathryn Maitland, aliyetumika miaka mingi Kilifi katika pwani ya Kenya, aliuliza pamoja na wenziwe kama ni kweli kwa watoto wetu. Tangu mwaka 2009 hata 2011 jambo hili lilipimwa kwa watoto 3,141 katika hospitali 6: moja Kenya, 4 Uganda, na moja Tanzania, nayo ni ile ya Muheza. Kabla ya kuanza, madaktari na wauguzi walifundishwa kuwatambua upesi watoto walio hatarini na kuwahudumia.

Wengi walitazamia kwamba maji mengi yataokoa. Ilikuwa kinyume. Kati ya watoto waliotundikiwa maji mengi kwa haraka, katika kila 1,000 walikufa kama 105 kabla ya kutimia saa 48. Kati ya wale waliopewa maji polepole kwa kadiri ya kawaida, walikufa 73. Waliowekwa kuisimamia kazi hiyo waliposoma hesabu, waliamuru isimamishwe kabla ya wakati wake. Habari zikatangazwa mwaka 2011, na madaktari wa ulimwengu mzima wakashtuka.

Hapa yafaa nitoe onyo, mtu asije akapotoka. Watoto wenye kuhara na kutapika hawakuwamo katika hesabu hii. Mtoto anayehara hupoteza maji, naye hana budi kupewa maji yenye chumvi na sukari kama afundishavyo muuguzi. Neno la Muheza na hospitali zile nyingine ni la watoto wenye homa kali na kuzidiwa, wasiokauka kwa kuhara.

Basi tufikiri maana yake. Mafundisho yaliyotoka mbali, yaliyoandikwa na watu wenye elimu na nia njema, hayakufaa kwa watoto wa kwetu. Na waliolionyesha jambo hilo ni madaktari na wauguzi wa hospitali za mikoani, waliohesabu kwa uaminifu usiku na mchana. Kama wanafunzi wangalifundishwa mji mkuu tu, na waalimu wangalisoma vitabu vya ng'ambo tu, nani angalijua? Hospitali ya shamba si mahali pa kupokea mabaki ya elimu ya mjini. Ni mahali ambapo elimu yenyewe hupimwa.

Iko na sababu nyingine ya kuwafundishia wanafunzi mikoani. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2010 kwamba wanafunzi wapelekwe kujifunza mashambani, kwa kuwa aliyezoea kutumika huko huweza kuchagua kukaa huko. Katika nchi yetu daktari huisoma kazi yake miaka 5, kisha hutumika mwaka mmoja chini ya uangalizi wa wakubwa wake, mwaka uitwao utarajali. Na wengi hupelekwa hospitali za mikoa. Mwaka huo waweza kumfanya aipende Tanga, au aikimbie. Yategemea sana ni nani atakayempokea.

Lakini tusifiche ugumu wake. Daktari wa mkoa ana safu ya wagonjwa tangu alfajiri. Akimfundisha mwanafunzi kupima bandama, mgonjwa mmoja huchukua muda wa wagonjwa watatu, na walio nje ya mlango hunung'unika. Hakuna anayehesabu mafundisho yake jioni. Kwa hiyo jaribu ni kubwa la kumwambia kijana: Nenda ukafanye, ukishindwa niite. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwanafunzi aachwaye peke yake hujifunza vile vile, ila hujifunza kwa mwili wa mgonjwa, na gharama hulipwa na yule asiyejua kwamba analipa. Wenye kutawala hospitali hawana budi kumpa daktari afundishaye muda wa kufundisha, wala wasihesabu saa hizo kuwa zimepotea.

Na sisi watu wa vijijini tunayo sehemu yetu. Wapo wanaokasirika wakiona vijana wenye makoti meupe wameizunguka kitanda, wakasema, Je, nimekuwa ubao wa kuandikia? Ni haki yako kuulizwa kwanza, na ni haki yako kukataa. Ni haki yako pia kuuliza: Huyu ni nani, na mkubwa wake yuko wapi? Lakini ukiona kwamba mwalimu yupo, na kijana ana adabu, mwache aweke mkono wake. Yule aliyekuponya wewe aliruhusiwa na mgonjwa mwingine zamani, mtu usiyemjua, aliyevumilia vidole vya baridi vya mwanafunzi aliyekuwa akitetemeka.

Wahenga walisema, mganga hajigangi. Hata al-Razi alizeeka akawa kipofu, naye Osler aliugua kichomi akafa mwaka 1919. Daktari wa Bombo na wa Muheza nao wataugua siku yao. Ikifika siku hiyo, kila mmoja atalala kitandani kama watu wote, na mkono utakaopapasa ubavu wake utakuwa mkono wa mtu aliyemfundisha, au aliyeacha kumfundisha.